Presha na virusi: Kwa nini mgonjwa asiache dawa kwa hofu

UGONJWA wa Covid-19 ulipothibitishwa nchini Kenya mnamo Machi 2020, watu wenye shinikizo la juu la damu walijikuta na hofu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilitokana na habari za kutoka China na Italia kwamba miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakilazwa na kufariki, wengi walikuwa na presha. Ya pili ilikuwa ngeni zaidi. Ilisemekana kwamba huenda dawa zenyewe wanazomeza kila asubuhi ndizo zinazovifungulia virusi mlango wa kuingia mwilini.

Hofu hiyo ya pili haikuzuka vijiweni. Iliandikwa na wanasayansi wenyewe katika majarida ya utabibu, ikaokotwa na magazeti na redio, kisha ikaenea kwa simu kutoka mkono hadi mkono. Ilipofika kwa mgonjwa ilikuwa imegeuka swali moja: je, niache dawa?

Swali hilo si dogo hata kidogo. Mtu mwenye presha akiacha dawa kwa ghafla anaweza kupatwa na kiharusi, au moyo wake ukashindwa kufanya kazi, kabla hata hajakutana na kirusi chochote. Kwa upande mwingine, kama kweli dawa hizo zilikuwa na hatari, kuendelea kuzimeza kungekuwa kujitafutia balaa.

Leo jibu linajulikana, na lilipatikana kwa njia ambayo kila mtu anayetumia dawa za presha anapaswa kuifahamu. Lakini ili tuelewe jinsi presha ilivyohusishwa na virusi, inatupasa tuanzie mahali ambapo wengi hawapatarajii, yaani kwenye figo.

Kengele ya figo

Wengi wetu hudhani kwamba presha ni kazi ya moyo peke yake. Ni kweli kwamba moyo ndio pampu. Hata hivyo, figo nazo zina sauti kubwa katika jambo hili. Figo huchuja damu mchana na usiku, na kazi hiyo haiwezekani ikiwa damu inazifikia kwa nguvu hafifu. Kwa sababu hiyo, kwenye mishipa midogo inayoingiza damu ndani ya figo kuna seli maalumu ambazo kazi yake ni kupima nguvu ya damu.

Presha ikishuka, kwa mfano mtu akivuja damu nyingi, akiharisha, au akishinda juani bila kunywa maji, seli hizo humwaga katika damu kitu kinachoitwa renini. Hiyo ndiyo kengele ya hatari.

Renini iligunduliwa mwaka wa 1898 na Robert Tigerstedt, mtaalamu kutoka Finland aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Karolinska jijini Stockholm, Sweden, akishirikiana na Per Bergman. Walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuwadunga sungura wengine. Presha ya sungura hao ilipanda. Ugunduzi huo ulisahaulika kwa muda mrefu, hadi mwaka wa 1934 ambapo Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alionyesha kwamba ukiibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, mbwa huyo hupata presha.

Baadaye kidogo, makundi mawili ya watafiti, moja likiwa Buenos Aires nchini Argentina na jingine Indianapolis nchini Marekani, yaligundua bila kujuana kwamba renini yenyewe haipandishi presha. Kazi yake ni kuzalisha kitu kingine chenye makali zaidi. Kila kundi lilikipa kitu hicho jina lake, na mwaka wa 1958 majina hayo mawili yaliunganishwa kuwa moja: angiotensini.

Shanga 10, nane na saba

Mambo huenda hivi. Ini hutengeneza protini ambayo huzunguka katika damu bila madhara yoyote. Renini ikitoka kwenye figo, huikata protini hiyo na kutoa kipande kidogo kinachoitwa angiotensini I. Tukichukulie kipande hicho kuwa ni uzi uliotungwa shanga 10. Bado hakina nguvu.

Damu inapopita katika mapafu, kipande hicho hukutana na kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ACE. Kimeng'enya hiki ni kama mkasi. Huondoa shanga mbili kutoka mwisho wa uzi na kubakisha nane. Kilichobaki ndicho angiotensini II, nacho si cha mchezo. Hubana mishipa ya damu. Huamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isitoke kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Aidha, humfanya mtu aone kiu ili anywe maji. Mambo hayo yote kwa pamoja hupandisha presha.

Kwa mtu aliyejeruhiwa au aliyekaukiwa na maji, mfumo huu huokoa maisha. Taabu hutokea pale kengele inapoendelea kulia ilhali hakuna hatari. Angiotensini II ikizidi kwa muda mrefu huunenepesha msuli wa moyo, huacha makovu katika figo na kuchochea uvimbe katika viungo mbalimbali. Katika mapafu, inaweza kuifanya mishipa midogo ivuje maji na kuyaingiza mahali panapopaswa kuwa na hewa.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba hadithi iliishia hapo. Kumbe mwili una mkasi wa pili. Mwaka wa 2000 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kimeng'enya kinachofanana na ACE, nacho kikaitwa ACE2. Hiki huondoa ushanga mmoja kutoka kwa angiotensini II na kubakisha saba. Kipande hicho cha shanga saba hufanya kinyume kabisa: hulegeza mishipa na kutuliza uvimbe. Kwa maneno mengine, ACE ni mguu unaokanyaga mafuta na ACE2 ni breki. Afya ya moyo, figo na mapafu hutegemea mizani kati ya viwili hivyo.

Dawa iliyotokana na sumu ya nyoka

Wagonjwa wengi wa presha humeza dawa zinazozuia mfumo huu bila kujua zilikotoka. Nchini Brazil kuna nyoka mwenye sumu kali anayeitwa jararaca. Mtu akiumwa naye, presha yake inaweza kuporomoka. Mwaka wa 1965 mtafiti wa nchi hiyo, Sérgio Ferreira, alieleza kuhusu vitu alivyovipata katika sumu hiyo ambavyo baadaye vilionekana kuzuia kazi ya mkasi wa ACE. Wanasayansi wa Marekani walifuata njia hiyo hadi wakatengeneza kidonge cha kaptoprili, kilichoidhinishwa nchini humo mwaka wa 1981.

Kaptoprili ilifuatwa na ndugu zake, zikiwemo enalaprili na lisinoprili. Katika miaka ya 1990 likaja kundi jingine, losartani na wenzake. Hizi haziuzuii mkasi, bali huketi kwenye kiti ambacho angiotensini II ingekalia ili itoe amri yake. Angiotensini II hufika, ikakuta kiti kina mtu, ikakosa la kufanya.

Mlango wapatikana

Mwishoni mwa mwaka wa 2002 ugonjwa mpya wa mapafu, uliokuja kuitwa SARS, ulizuka kusini mwa China. Hadi ulipozimwa mwaka wa 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limehesabu wagonjwa 8,098 na vifo 774. Kisababishi kilikuwa kirusi cha jamii ya korona.

Kirusi hakiwezi kuishi wala kuzaana kikiwa nje ya seli. Sharti kiingie ndani, na ili kiingie lazima kipate kitu cha kushika kwenye ukuta wa seli. Virusi vya mafua hushika aina fulani ya sukari iliyo juu ya seli. Virusi vya Ukimwi hushika protini iitwayo CD4 kwenye seli za kinga. Mnamo Novemba 2003, watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba virusi vya SARS hushika ACE2. Breki ya presha, iliyokuwa imegunduliwa miaka mitatu tu kabla ya hapo, ikawa ndiyo mlango wa virusi.

Isitoshe, jambo la kutisha zaidi lilifuata mwaka wa 2005. Watafiti waliofanya majaribio kwa panya waligundua kwamba virusi hivyo vinapoingia, ACE2 hupungua katika mapafu. Ni kama mwizi anayeingia kwa kuvunja mlango na kuondoka nao. Mkasi wa pili ukipungua, wa kwanza hubaki ukikata bila kizuizi, angiotensini II hujaa na mapafu huanza kuvuja maji. Panya waliopewa dawa ya kuizuia angiotensini II waliumia kidogo kuliko wenzao.

Hata virusi visivyotumia mlango huo vinaweza kuuvuruga mfumo huu. Katika mlipuko wa homa ya ndege aina ya H7N9 uliotokea China mwaka wa 2013, madaktari walipima damu za wagonjwa na kuona kwamba waliokuwa hoi zaidi ndio waliokuwa na kiwango kikubwa cha angiotensini II.

Hivyo basi, Covid-19 ilipozuka na ikathibitishwa kwamba kirusi chake nacho hutumia ACE2, wanasayansi walikuwa na elimu ya takriban miaka 20 mkononi. Lakini elimu hiyo iliwapeleka pande mbili.

Hoja mbili zilizogongana

Upande wa kwanza ulisema: kuna majaribio ya panya yanayoonyesha kwamba dawa kama losartani na enalaprili huongeza ACE2. ACE2 ndiyo mlango. Milango ikiwa mingi, virusi vitaingia kwa wingi. Kwa hiyo dawa hizi ni hatari.

Upande wa pili ulijibu: kinachoua si kuingia kwa virusi peke yake, bali ni angiotensini II iliyokosa breki. Dawa hizi huipunguza au kuizuia. Kwa hiyo dawa hizi ni kinga, na pengine hata wasio na presha wangepewa.

Hoja zote mbili zilikuwa na mantiki, na zote zilitokana na majaribio halali. Hapo ndipo somo kubwa lilipo. Jambo linaweza kuwa na maana kamili kwenye karatasi na bado lisiwe kweli katika mwili wa binadamu. Njia ya kujua ni kupima kwa wagonjwa wenyewe.

Mnamo Machi 13, 2020, siku ile ile serikali ya Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini, chama cha wataalamu wa moyo barani Ulaya kilitoa taarifa kuwataka wagonjwa waendelee na dawa zao, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa madhara. Siku nne baadaye vyama vya Marekani vilisema vivyo hivyo. Wakati huo huo, utafiti ulianza.

Jawabu kutoka Brazil

Utafiti uliotoa jawabu la wazi ulifanywa katika hospitali 29 za Brazil, nchi ile ile iliyotupa sumu ya jararaca. Wagonjwa 659 waliokuwa wamelazwa kwa Covid-19, na ambao tayari walikuwa wakitumia dawa za makundi haya mawili, waligawanywa kwa njia ya kura. Baadhi walisimamisha dawa kwa siku 30, wengine wakaendelea nazo.

Matokeo yaliyochapishwa Januari 2021 yalionyesha kwamba waliofariki katika siku hizo 30 walikuwa asilimia 2.7 miongoni mwa walioacha na asilimia 2.8 miongoni mwa walioendelea. Hiyo si tofauti ya kuzungumziwa. Utafiti mwingine mdogo wa wagonjwa 152 kutoka nchi saba ulifikia uamuzi uo huo. Dawa hazikuwa zikifungua mlango wowote.

Je, na wale waliodai kwamba dawa hizi ni tiba? Nao pia hawakupata walichotarajia. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2023, wagonjwa mahututi wa Covid-19 walioanzishiwa dawa hizi wakiwa hospitalini hawakupata nafuu, na yamkini hali yao ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wasiopewa. Mwaka huo huo, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba hata kile kipande cha shanga saba, kilipotengenezwa na kupewa wagonjwa, hakikuwasaidia.

Kwa ufupi, dawa za presha ni za presha. Kwa aliyekwisha kuandikiwa, aendelee nazo hata kirusi kikija. Kwa asiye na sababu ya kuzitumia, asizitafute kama kinga.

Mbona wenye presha waliumia zaidi?

Kama si dawa, ni nini basi kilichowaangusha wenye presha? Sehemu kubwa ya jibu ni umri. Presha huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na Covid-19 iliwashika wazee kwa nguvu kuliko vijana. Aidha, watu wengi wenye presha huwa na maradhi mengine kama kisukari, unene wa kupita kiasi, au moyo na figo zilizokwisha kuchoka. Kirusi kinapoingia katika mwili wa namna hiyo hukuta nguvu za akiba ni kidogo.

Jambo hili haliko kwa Covid-19 pekee. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario nchini Canada na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu kupatwa na mshtuko wa moyo huongezeka takriban mara sita katika siku saba za kwanza baada ya kuthibitishwa ana virusi vya homa ya mafua. Homa huuharakisha moyo, uvimbe huivuruga mishipa, na damu huwa tayari kuganda. Mtu ambaye presha yake imedhibitiwa vizuri huikabili siku hiyo akiwa na moyo wenye nafuu.

Na hapa nyumbani udhibiti ndio tatizo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. WHO ilitangaza Mei 2023 kwamba Covid-19 si dharura ya kimataifa tena. Presha haijatangazwa kuisha.

Mambo ya kuzingatia

Mosi, pimwa. Kipimo ni cha dakika chache na hakina maumivu. Presha ikiwa 140/90 au zaidi baada ya kupimwa kwa siku tofauti, muone daktari. Usingoje kuumwa na kichwa, kwani wengi wenye presha hawahisi lolote.

Pili, usishangae ukipewa dawa tofauti na ya jirani yako. Utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mchanganyiko wa dawa mbili ulishusha presha vizuri zaidi pale ambapo mojawapo ilikuwa amlodipini. Dawa za jamii ya enalaprili zikitumiwa peke yake huwa na nguvu kidogo kwa wengi wetu, ingawa zina umuhimu mkubwa kwa wenye maradhi ya figo au moyo uliodhoofika.

Tatu, jihadhari na kikohozi. Enalaprili na ndugu zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha. Si mafua wala si kifua kikuu, na dawa ya kikohozi ya dukani haitakisaidia. Mweleze daktari, naye anaweza kukubadilishia upewe losartani. Lakini ukiona midomo, ulimi au uso umevimba, acha dawa hiyo na ukimbie hospitali mara moja. Hilo ni jambo la dharura.

Nne, ukishikwa na ugonjwa wa kutapika au kuharisha hata ukashindwa kunywa maji, piga simu au nenda kituo cha afya haraka. Hapa figo zinaihitaji ile kengele yao, na dawa inaizuia isilie. Daktari anaweza kukuambia usimamishe dawa fulani kwa siku moja au mbili hadi uweze kula na kunywa tena. Huo ni uamuzi wake, na ni wa muda tu.

Tano, usinunue ovyo dawa za maumivu na mafua. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupandisha presha, na zikichanganywa na enalaprili au losartani pamoja na dawa za kuongeza mkojo, zinaweza kuziumiza figo. Baadhi ya dawa za kuzibua pua nazo hupandisha presha. Mweleze mwenye duka la dawa kwamba una presha kabla hajakupa chochote.

Sita, mwanamke mjamzito au anayepanga kushika mimba asitumie dawa za makundi haya mawili, kwani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine zilizo salama, na daktari atamchagulia.

Saba, punguza chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo ndani ya mkate, vibanzi na vitu vya pakiti. Uulize pia kuhusu chanjo za mafua na Covid-19, hasa ukiwa umepita umri wa miaka 60 au una maradhi ya moyo.

Kirusi kingine kitakuja siku moja, na kitakuja na uvumi wake. Utakapousikia, mpigie daktari wako kabla ya kuruka hata kidonge kimoja.